Anayekata Majani ni Nani

Mmenisumbua vya kutosha, wadogo zangu wa ofisi ya ustawi wa jamii, kwamba niandike kabla sijasahau. Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu, na nimegundua kuwa kusahau si tatizo langu. Tatizo ni kwamba ninayoyakumbuka mengi hayakuwa kwenye majukumu yangu. Vyeo vyangu mnavijua, mlivisoma kwa sauti siku ya kuniaga, na keki mliila wenyewe. Mimi nitaandika juu ya swali moja mlilolikuta kwenye fomu yetu ya mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani. Liko chini ya mstari wa mtunzaji mkuu, na kila mkaguzi akija hulinyooshea kidole: "Anayekata majani ni nani?" Wengine wamedhani ni kosa la mpiga chapa. Mimi ndiye niliyeliandika kwa kalamu miaka mingi kabla halijachapwa, na kulifikia kulinigharimu aibu.

Siku yangu ya kwanza pale hospitalini Moshi nilipewa meza, daftari, na droo ambayo ufunguo wake alikuwa nao mtu aliyehamishiwa Singida. Nilikuwa nimetoka chuoni na maneno mazuri mengi. Nilidhani kazi ni kukaa na watu wenye huzuni na kuwaambia hayo maneno. Asubuhi hiyohiyo alikuja Sista Eliwaza, muuguzi mzee wa kutembelea wagonjwa majumbani, akaniangalia miguuni kwanza, usoni baadaye. "Hivyo viatu ni vya kanisani," akasema, akaondoka. Kesho yake nilikuja na mabuti ya mpira, naye akanichukua bila kutoa maelezo.

Ilikuwa masika, na tulipanda Masama kwenye udongo unaoteleza. Mfukoni alikuwa na futi ya seremala. Kila nyumba tuliyoingia alisalimia, akakubali chai, kisha akaanza kupima: upana wa mlango, kimo cha kitanda kutoka sakafuni, hatua za kutoka kitandani hadi chooni. Nikamuuliza kama hayo si ya fundi. Akaniambia, "Daktari anaandika mtu anaumwa nini. Sisi tunaandika anapolala." Nimeifanya kazi hii hadi mvi zikanijaa na sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Alinifundisha pia kutouliza watu kama wana uwezo. Mbele ya mgeni kila mtu ana uwezo. Alikuwa akimaliza chumbani anazunguka nyuma ya nyumba, anasimama kwenye zizi kwa muda, anaangalia, anarudi bila kuandika kitu. Nilidhani anapenda ng'ombe. Nilipomuuliza alisema sebule watu wanaweza kukuandalia ukiwa bado kwenye kona ya njia, ila zizi hawawahi. Sikumwelewa, lakini nilitikisa kichwa kukubali, kama mnavyonifanyia ninyi.

Kwa wale mliotoka mikoa mingine: ng'ombe wa huku mlimani haendi machungani. Anakaa zizini mwaka mzima, na chakula kinamfuata. Mtu lazima ashuke akate majani, ayafunge mzigo, ayapandishe kichwani, kila siku, Krismasi ikiwemo, na siku ya msiba pia. Kwa hiyo anayekata majani ni mtu aliyepo. Hilo ndilo Sista Eliwaza alikuwa akilitazama, na ilinichukua miaka mitano na familia moja kuliona.

Mstari wa mtunzaji mkuu ulikuwa rahisi sana kujazwa. Huku kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi na kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa walikozikwa babu zake, naye kwa kukipokea anapokea na wazazi. Hilo halina mjadala. Ukiuliza kando ya kitanda nani atamhudumia mgonjwa, watu wote wanamgeukia mmoja, naye anasema "mimi", na wewe unaandika. Nimeandika vitinda mimba waliokuwa Dar es Salaam, Mwanza, na mmoja aliyekuwa melini. Fomu haikulalamika.

Ndivyo nilivyomwandika Goodluck. Baba yake, Mzee Elibariki, mkulima wa kahawa wa Masama, alipata kiharusi kilichoua upande wote wa kulia na maneno karibu yote. Walikuja kumchukua wanawe wawili: Elisante, mkubwa, mwenye duka la vipuri vya magari Dar es Salaam, na Goodluck, aliyekuwa akiongoza wageni mlimani. Mama yao, Bibi Aikande, alikaa kwenye ubao wa dirisha, mikono mapajani, akinitazama. Nikauliza swali langu, wote wakamgeukia Goodluck, Goodluck akasema "mimi hapa", nikaandika. Sikuuliza kiongozi wa wageni akipanda anakaa juu siku ngapi. Nilijua ni kama wiki. Kila mtu Moshi anajua. Lakini kujua na kuuliza ni kazi mbili tofauti, nami siku hiyo nilifanya moja.

Kuna jingine nililonyamazia, na hilo linaniuma zaidi. Familia ile iliamini ugonjwa ule ni wa miezi: ama baba atasimama, ama ataitwa. Mimi nilikwisha ona wengine na nilijua kuna njia ya tatu, ya kulala miaka. Sikusema. Kumwambia mtu baba yako atalala miaka ilionekana kama kumtakia. Basi wakapanga ya miezi. Walikuwa na shamba la tambarare, kule chini wanakolima mahindi, ambalo ndilo lilikuwa akiba yao. Wakauza nusu yake haraka haraka, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Wakaajiri muuguzi kutoka mjini. Wakanunua kiti cha magurudumu, ambacho hakikuvuka kona ya pili ya njia yao. Baadaye nilikikuta kikibeba mikungu ya ndizi, kwa uaminifu mkubwa. Kabla ya msimu wa pili wa kahawa pesa ya nusu shamba ilikuwa imekwisha, na muuguzi amerudi mjini. Mzee Elibariki alikuwa bado na miaka minne ya kuishi.

Nilifika nyumbani kwao siku moja nikiwa nimepanda kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Niliingia nikiwa nimejiandaa kuona vidonda vya kulalia, maana mtu asiyegeuzwa kila baada ya saa mbili ngozi yake huoza mgongoni na kwenye visigino. Nikamfunua. Mgongo ulikuwa safi kuliko wangu. Goodluck alikuwa juu, siku ya tano. Mkewe Happy ni mwalimu, alikuwa kituoni kwake Sanya Juu, anakuja Ijumaa jioni. Bibi Aikande ana magoti mabovu, na Mzee alikuwa mtu wa mifupa mikubwa. Asingeweza kumgeuza hata kwa sala. Nikamuuliza nani anamgeuza. Akasema tunasaidiana, mwanangu. Jibu la kumtuliza mgeni.

Mimi nina udadisi, mama yangu aliuita umbea, serikali ikanilipa kwa ajili yake. Nikazunguka nyuma. Zizini kulikuwa na majani mabichi, yamekatwa asubuhi hiyo, umande bado. Hapo ndipo Sista Eliwaza alinirudia kichwani na kusimama kwake kote kule. Nikarudi ndani nikasema, "Bibi, anayekata majani ni nani?"

"Aa, hayo majani?" akasema. "Ni Mama Deo."

Nikaamua kunywa chai ya pili. Saa nne hivi akaja mwanamke mwembamba na mzigo mkubwa kichwani. Akautupa zizini, akanawa mikono hadi viwiko, akaingia chumbani bila kupiga hodi. Akampitishia Mzee mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, akamgeuza, akanyoosha shuka isiache mkunjo, akaweka mto katikati ya magoti. "Baba, sasa tunaangalia dirishani," akamwambia. Kisha akarudi kwa ng'ombe. Hakuna aliyemfundisha ule mto wa magotini. Alikuwa amemwona yule muuguzi wa mjini akifanya.

Kwa kukata majani alikuwa akipewa nusu ya maziwa ya jioni. Kwa kumgeuza Mzee hakupewa kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kupatana naye juu ya hilo. Ilianza siku moja, ikaendelea. Alikuwa mjane, jirani wa upande wa pili wa mfereji, Mkatoliki aliyeolewa kutoka Kibosho. Si wa ukoo, si wa usharika. Nikamuuliza Bibi jina lake nilitie kwenye faili. Mama Deo, akasema. Nikasema hapana, jina lake la kwenye kitambulisho. Bibi Aikande alinitazama kama niliyemuuliza ubini wa ng'ombe. Hakuna aliyelijua kwenye nyumba ile. Nikaandika pembeni "Mama Deo, jirani", na tangu siku hiyo kila fomu niliyoigusa iliongezwa mstari mmoja kwa kalamu.

Mzee Elibariki alifariki mwaka wa sita wa kulala kwake. Miezi ya mwisho Elisante alikwisha kuanza kutafuta mnunuzi wa nusu ya shamba iliyobaki. Msiba ukamtangulia, shamba likapona kwa bahati. Wakalikodisha kwa mtu wa mahindi, na kodi yake ikawa ndiyo ada ya watoto wawili wa Goodluck.

Mwaka huohuo Sista Eliwaza alistaafu, akaniachia ile futi. Haikuwa na sherehe. Alinitolea mfukoni pale kwenye korido, akasema milango ya siku hizi ni myembamba, niangalie.

Sasa nifike kwenye kosa langu la pili, ambalo mkilisimulia mseme mmelisikia kwangu. Asubuhi moja Bibi Aikande alikuja ofisini, peke yake, amevaa kitenge kizuri na sweta la kanisani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa, akatoa ndizi mbivu kwenye mkoba akaziweka juu ya mafaili yangu. Nikamuuliza ana shida gani. Akasema anatafuta mahali pa kuweka ng'ombe wake. Alikuwa nao watatu sasa, wote wa uzao wa yule mmoja wa enzi za Mzee. Nilifurahi kwamba angalau mara moja kuna shida ambayo si yangu. Nikamwelekeza kwa heshima zote ofisi ya mifugo, hata nikamchorea ramani. Akaichukua, akashukuru, akaenda.

Alirudi baada ya saa moja na nusu, kwa magoti yale. Akakaa palepale. "Yule kijana wa mifugo ameniuliza ng'ombe anaumwa nini," akasema. "Nimemwambia ng'ombe haumwi. Na mimi siumwi. Ndiyo maana nimekuja sasa."

Nikafunga mlango. Ninyi mliozaliwa mjini labda hamkijui kitu hiki. Zamani, na hadi leo kwa wachache, mtu mwenye ng'ombe huwekesha kwa mwenzake. Mwekeshwaji anamlisha, anachukua maziwa na samadi. Ndama wanakwenda kwa zamu, mmoja wa mwenye ng'ombe, mmoja wa mlishaji. Ng'ombe akifa, mlishaji analeta ngozi ionekane. Bibi alikuwa akitumia njia hiyo kusema jambo ambalo mtu mzima wa huku hasemi waziwazi, kwa sababu kulitaja ni kama kujiitia.

"Nikilala kama alivyolala baba yao," akasema, "wataniuzia lile shamba. Watauza kwa upendo, mwanangu, hicho ndicho ninachoogopa. Halafu wajukuu watakaa nyumbani bila shule, na mimi bado nitakuwa nipo, nawaangalia."

Alikuwa amepanga yote kichwani. Ng'ombe wote watatu awawekeshe kwa Mama Deo kuanzia sasa, akiwa mzima. Maziwa na samadi ni vya Mama Deo tangu kesho, ndama kwa zamu. Sharti ni moja: siku yeye Bibi akishindwa kusimama, anayemshika ng'ombe ndiye atakayemshika na mwenyewe. Asipougua kamwe, Mama Deo atakuwa amekunywa maziwa ya bure, na heri yake. Shamba la tambarare lisiguswe na mtu yeyote kwa ajili ya ugonjwa wa mtu yeyote.

Nimehudhuria semina nyingi za kupanga uzee, na nyingi zilinisinzisha. Siku hiyo sikusinzia. Nilimuuliza maswali kama wakili anayelipwa kwa swali. Mama Deo akiugua yeye? Hakuwa amefikiria. Mama Deo atapumzika lini? Hilo pia hakuwa amefikiria. Alidhani watu kama Mama Deo hawapumziki. Tukakubaliana Jumamosi na Jumapili ni za Happy, Mama Deo aende misani kwake. Tukagawa: kahawa ya kila mwaka ilipie kwanza bima ya afya, kabla ya kitu kingine chochote, maana bima inalipa hospitali ingawa hailipi mkono wa kukugeuza. Ndama watakaoangukia upande wa Bibi ndio wa pampasi za watu wazima, glovu na dawa. Wiki iliyofuata nilipanda na futi. Mlango wa chumba chake haukupitisha kiti. Wa chumba cha mbele ulipitisha. Nikamwomba ahamie huko sasa hivi akiwa anatembea, achague mwenyewe kitanda kitazame wapi. Akachagua dirisha la mfereji.

Ikabaki familia. Hiyo haipimwi kwa futi. Tukangoja Desemba, wakati kila Mchagga aliye hai yuko njiani kurudi nyumbani, na kikao kikakaliwa sebuleni siku mbili baada ya Krismasi. Alikuwepo mzee mmoja wa kanisa na balozi wa nyumba kumi, niliowaomba waje kushuhudia, kwa sababu mpango usioandikwa mbele ya watu unaishi muda mfupi kuliko aliyeupanga.

Elisante aliumia. Ni mtu mwema, mkono wake uko wazi. Alisema mama ana watoto, kwa nini azungumze kama mtu asiye na mtu. Kukiwa na shida watauza hata lile shamba, yeye asiwe na wasiwasi. Bibi akanigeukia. Sura yake ilisema: umesikia?

Goodluck aliumia zaidi, na yeye nilimwelewa. Akasimama. "Kihamba nilipewa mimi ili nimtunze mama," akasema. "Nikiweka mtu wa nje, nimekula kihamba bure. Watu watasema nimemkodishia mama yangu mtu."

"Kihamba sijakunyang'anya," Bibi akamwambia. "Nakuuliza kitu kimoja tu. Wewe uko juu, siku ya tano, na mimi nimelowa. Nani ananigeuza?"

Goodluck akakaa. Alijua nani alimgeuza baba yake, alikuwa akilijua miaka yote, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likisemwa sebuleni kwake. Mzee wa kanisa akaliangalia kombe lake la pombe ya mbege kwa makini.

Ndipo nilipotambua kwamba tumezungumza saa nzima juu ya mtu ambaye hatujamwita. Mama Deo alikuwa jikoni anakoroga mtori. Nimeona haya kuliandika hili, lakini ni mimi, afisa mzima, niliyesahau. Nikaomba aitwe. Akaja anafuta mikono, akakataa kiti, akasimama karibu na mlango. Bibi akamweleza mpango. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ng'ombe nitachukua," akasema. "Na wewe Bibi nitakushika, hata bila ng'ombe ningekushika. Ila nina swali. Kwangu nina wawili, na hawa watatu, ni watano. Siku nitakayokuwa humu ndani na wewe, hayo majani atakata nani?"

Mimi niliyekuwa nimeliuliza swali hilo wilaya nzima, sikuwa na jibu. Watu wakaangalia sakafu, wana wawili wa Bibi wenye mabega mapana wakiwemo. Mwishowe nikaandika kwenye karatasi ya makubaliano: "Suala la majani litajadiliwa." Wakatia sahihi, Mama Deo akaweka dole gumba kwa haraka kwa sababu mtori ulikuwa unaungua, na sisi tukala.

Suala la majani halikujadiliwa. Miaka minne ilipita, Bibi Aikande mzima, anatembea kwa fimbo, na kijijini wakamcheka kwamba amegawa ng'ombe wake kwa jirani akiwa na akili timamu. Mama Deo akapata ndama wawili, akaezeka upya. Bibi akapata mmoja, akamuuza, akaninong'oneza kwamba pampasi zake tayari zimeota pembe. Sijui kama kuna bima yoyote yenye wateja wachangamfu hivyo.

Kisha, katika mwaka wangu wa mwisho kazini, aliteleza kwenye mfereji akavunjika nyonga. Madaktari walifanya yao vizuri. Lakini kwa umri ule na magoti yale, kutembea kulikuwa kumekwisha, na yeye alilijua kabla hatujamwambia.

Siku ya kuruhusiwa niliomba nijaze fomu mwenyewe, ingawa kulikuwa na zamu ya mwenzenu. Goodluck alikuja ametoka mlimani juzi yake, midomo imepasuka kwa baridi ya juu. Simu yake iliita kabla hajakaa. Alikuwa Elisante, kutoka Dar es Salaam, sauti inasikika hadi kwangu: amepata mnunuzi wa shamba, mtu wa maana, analipa wiki hii, mama apate huduma nzuri. Alikuwa karibu kulia. Upendo uleule alioutabiri mama yake, umefika kwa wakati. Bibi alikuwa amelala kitandani hatua mbili kutoka kwetu, macho yako kwenye dari, na nikaona vidole vyake vimeishika shuka. Miaka minne ya mpango ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeshika simu, na hakuna karatasi yangu ingeweza kumzuia.

"Kaka," Goodluck akasema, "mwambie shamba lina mahindi ya watu." Akasikiliza kidogo. "Hapana. Halitauzwa. Wewe tutumie godoro, lile la hewa la kuzuia vidonda, kama unataka kutuma." Akakata.

Nikavuta fomu. Mtunzaji mkuu. Kalamu yangu ilikuwa imekwisha kuanza herufi G, kwa mazoea ya maisha yangu yote, na Goodluck akaweka kidole juu ya karatasi.

"Subiri, mama," akaniambia. "Andika Monica. Monica Venansi Aloisi. Aloisi kwa s, siyo kwa zeti."

Nikamwuliza Monica ni nani. Ndiyo, niliuliza. Akanitazama kwa upole. "Mama Deo," akasema. "Nilimwomba kitambulisho chake nikakisoma."

Nikaandika majina yote matatu, na s mahali pake. Kisha nikasoma mstari wa chini. Anayekata majani?

Goodluck akaweka mikono yake mezani, viganja juu. Vilikuwa na mikato myembamba mingi, ile ya majani mabichi, mipya juu ya ya zamani. Akasema ameanza tangu mama alazwe. Safari za mlimani amezipunguza, na zile atakazopanda amekwisha patana na mtu wa kumkatia. Kumkodishia ng'ombe mtu, akasema, hakuna anayekucheka.

Bibi Aikande akaniita kutoka kitandani. Aliyaamini masikio yake, ila mimi na fomu zangu alitujua. "Soma ulichoandika," akasema.

Nikasoma. Mtunzaji mkuu, Monica Venansi Aloisi. Anayekata majani, Goodluck. Nilikuwa nimejaza mistari ile miwili kwa miaka mingi sana, na mara nyingi wa kwanza ulikuwa wa heshima na wa pili ndio wa kweli. Siku hiyo yote miwili ilikuwa ya kweli. Nililia kidogo, nikasingizia mafua; mkiikuta hiyo fomu na doa pembeni, ni langu.

Bibi aliiachia shuka. "Basi shamba limepona," akasema, kana kwamba shamba ndilo lililokuwa limelazwa. Akamwambia mwanawe alete gari, majani yasije yakanyauka.